Kiti cha Tatu

Kalunde aliipenda kazi yake, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya watu wanaozilalamikia zao. Kila asubuhi alifungua ofisi ya baraza la Mtaa wa Reli Mpya, akafagia vumbi la Tabora lililojikaribisha usiku, akachemsha chai ya tangawizi, kisha akamtoa Mdadisi kabatini na kumweka mezani kwa heshima zote. Mdadisi alikuwa chombo cheusi cha ukubwa wa mkate wa boflo, chenye tundu la sauti upande mmoja na bangili ya mpira upande wa pili. Hakuwa na macho wala masikio ya kuonekana. Kalunde alimwamkia hivyo hivyo, na Mdadisi aliitikia.

Siku hiyo alikuwa na furaha kuliko kawaida, maana aliyetangulia kuja kupimwa alikuwa mjomba wake, Mzee Mihayo, kaka wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu utotoni na ambaye mpaka leo alikuwa akiishi naye ua mmoja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Chombo chako kimeamka salama?"

"Kimeamka. Kaa hapa, vaa bangili. Hakiumi."

"Kiniume kwa nini, nami nimekuja nimeoga," akasema Mzee Mihayo, akacheka kile kicheko chake cha chini ambacho mtaa mzima ulikipenda.

Kilichomleta ni kiti cha tatu. Baraza lilikuwa la watu watatu na kazi yake ilikuwa moja: mtu akipigwa ndani ya nyumba yake, anakuja kwao, nao wanaamua nani abaki humo na nani atoke. Enzi za aliyepigwa kurudi kwao na furushi kichwani zilikuwa zimepita. Sheria ilisema anayeweza kutolewa ni aliyepiga, mradi wawili kati ya watatu wakubali. Sasa kiti kimoja kilikuwa wazi, mwenyewe kahamia Mpanda kwa wanawe, na wale wawili waliobaki hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa saa ya chai. Mmoja kila siku husema mke arudi wakayamalize. Mwingine kila siku husema mume atoke. Atakayekaa kiti cha tatu ndiye atakayeamua, na hakuna asiyelijua hilo.

Watu walishamchagua Mzee Mihayo mioyoni mwao. Nani mwingine? Mtu ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, anayepatanisha majirani waliogombea kivuli, anayelia kwenye harusi za watoto wasio wake. Kilichobaki kilikuwa ni kupimwa tu, kama sheria ilivyotaka.

"Mwangaluka," Mdadisi akamwamkia kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya mama mtu mzima wa Tabora. "Nakupa kisa. Mume amempiga mkewe kwa sababu maharage yameungua. Mke amekimbilia kwa jirani. Jirani ni wewe. Utafanya nini?"

"Ningempokea," akajibu Mzee Mihayo bila haraka. "Ningempa maji anywe, atulie. Halafu ningemshika mkono nikamrudisha kwake mimi mwenyewe, nimwombee kwa mumewe."

"Kwa nini?"

"Ili nyumba isivunjike. Na watu wasijue. Yakishatoka nje, mwanangu, hayarudi ndani."

Alimwita mwanangu hata Mdadisi. Kalunde akatabasamu, akaandika jina la mjomba wake, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa moyo mweupe.

*

Aliyefuata alikuwa Bi Mwanahawa Pazi, na hapo furaha ya asubuhi ikapungua kidogo.

Bi Mwanahawa alikuwa dereva mstaafu wa treni, Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi akabaki kwa ukaidi. Miaka ya kushindana na honi ilimwachia sauti ya kusikika vituo viwili mbele. Aligombana na muuza maji, na mwadhini, na mbuzi wa jirani. Akialikwa shughuli husema wali haujaiva, na kweli unakuwa haujaiva, jambo ambalo halikumwongezea marafiki. Kwa nini mtu huyo alikitaka kiti cha baraza hakuna aliyejua, wala hakuna aliyeuliza, maana kumuuliza Bi Mwanahawa jambo ni kujitafutia asubuhi mbaya.

Alikaa, akajivisha bangili mwenyewe.

"Mwangaluka," akasema Mdadisi.

"Alaa!" Uso wa Bi Mwanahawa ukafunguka. "Kumbe na wewe Mnyamwezi? Mtumwa wangu! Nani kakutoa nyumbani bila kuniomba ruhusa?"

Hapa inafaa kueleza kosa lilipoingilia. Mafundi wa Mdadisi walitaka watu wa Tabora wajisikie wako nyumbani, wakampa sauti ya kwao na salamu ya kwao. Walikuwa werevu wale mafundi, ila walisahau utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akimkuta mtani wake, iwe harusini au makaburini, haongei naye kama anavyoongea na wengine. Bi Mwanahawa alisikia Kinyamwezi, basi.

Mdadisi akampa kisa kile kile cha maharage na jirani.

"Ningemrudisha akaongezwe!" Bi Mwanahawa akanguruma. "Mke wa Kinyamwezi asipopigwa hajui kama kaolewa."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa ngumi za Wanyamwezi zenyewe hazifiki popote. Mikono imezoea mizigo ya Wazaramo." Akageuka akamtazama Kalunde, naye Mnyamwezi, akimsubiri arudishe.

Kalunde alikuwa na la kurudisha, na lilikuwa zuri, lakini mpimaji haruhusiwi kusema neno wakati kipimo kinaendelea. Akauma mdomo.

Mdadisi akaleta kisa cha pili. Safari hii aliyepigwa alikuwa na jina, alikuwa na watoto, na alimsihi jirani asimwambie mtu. Bi Mwanahawa alisikiliza mpaka mwisho. Uso ukafungika.

"Hilo si la mzaha," akasema, na sauti yake ikawa ndogo kiasi kwamba Kalunde alidhani chombo kimeharibika. "Nisingemwambia mtu. Lakini ningemwambia mlango wangu haufungwi, na kila asubuhi ningepita kwake kuomba chumvi, mpaka mumewe ajue kuwa kuna mtu anahesabu."

*

Kazi ya Mdadisi si kujua mtu ni mwema au mbaya. Anapima vitu viwili. Cha kwanza ni tabia: mtu ni mpole au mkali, mtulivu au mwenye wasiwasi, na hiyo bangili huisoma kwenye mapigo ya moyo na jasho la mkono. Cha pili ni hoja, yaani lile jibu la kwa nini. Wapo wanaosema usimpige mtu kwa sababu utafungwa. Wapo wanaosema kwa sababu watu watakucheka, au jina la ukoo litachafuka. Wengine husema sheria inakataza. Na wapo, wachache, ambao hoja yao inaanzia kwa yule aliyepigwa na kuishia kwake. Mdadisi huvijumlisha vyote viwili, na waliotunga kipimo waliamini kwamba upole mwingi hufidia hoja pungufu. Waliamini mtu mpole hawezi kutetea kipigo.

Majumlisho yalipotoka, Mzee Mihayo alikuwa juu. Bi Mwanahawa alikuwa chini kabisa, na karibu na jina lake Mdadisi alikuwa ameweka alama nyekundu: anaunga mkono kupigwa kwa mke.

Kalunde alicheka peke yake ofisini. Kisha akaacha kucheka.

Mwongozo ulimruhusu mpimaji kufuta maneno ya utani, lakini kwa masharti. Aliyetania aulizwe tena, ajibu bila mzaha, na mpimaji aape mbele ya baraza kwamba anaijua mila hiyo na maneno yale yalikuwa utani. Kalunde akajaribu kwa siri kuliondoa lile jibu la kwanza, aone tu. Bi Mwanahawa akapanda, akampita Mzee Mihayo, tena kwa mbali, kwa sababu upande wa hoja mjomba wake alikuwa na alama za kutia huruma. Alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akajimiminia chai, asiinywe.

Akinyamaza, hakuna atakayejua. Bi Mwanahawa mwenyewe hatalalamika; atasema chombo ni cha Kinyamwezi, utategemea nini. Mtaa utafurahi. Mjomba atapata heshima ya uzeeni aliyoistahili kwa mema yote aliyoyatenda, na nyumbani kwao kutakuwa na pilau. Kalunde alikuwa mtu wa amani, alijijua hivyo na alijipenda hivyo. Maisha yake yalikuwa matamu, na utamu huo aliujenga kwa kutogusa vitu visivyoomba kuguswa.

Alikuwa bado anajibembeleza hivyo mlango ulipogongwa. Aliyeingia alikuwa Sikudhani, mke wa Maganga fundi wa paneli za jua, ambaye shauri lake lilikuwa la kwanza kusikilizwa baraza likikamilika. Kwa sasa alikuwa analala kwa dada yake. Alikuwa amejifunga mtandio mpaka chini ya jicho.

"Dada Kalunde, samahani. Nimekuja kuuliza tu, kiti kimepata mtu?"

"Bado. Kwa nini, mdogo wangu?"

"Wanasema ni Mzee Mihayo." Sikudhani akakaa ukingoni mwa kiti. "Kama ni yeye, nataka kuondoa shauri langu mapema."

"Unamwogopa mjomba?" Kalunde alishangaa kwa dhati. "Hakuna anayemwogopa mjomba."

"Nimwogope kwa nini? Nampenda sana. Ndiye aliyenishika mkono siku ya harusi yangu, baba yangu hayupo." Alivuta mtandio. "Ndiyo shida yenyewe, dada. Mtu mkali akiniambia nirudi, nitabishana naye. Mzee Mihayo akiniambia nirudi, kwa ile sauti yake, nitarudi. Na nikirudi tena, sijui."

Kalunde akamsogezea ile chai ambayo yeye hakuinywa, na moyo ukamuuma waziwazi, kwa sababu alijua kila neno ni kweli.

"Usiondoe kitu," akasema. "Nipe mpaka kesho."

*

Bi Mwanahawa aliitikia wito huku akilalamika njia nzima, ila alifika. Kalunde alifunga mlango.

"Bi Mwanahawa, jana ulimtania Mdadisi."

"Nimtanie nani tena, kama si mtumwa wangu?"

"Mdadisi hajui utani. Kakuandika kwamba unaunga mkono wanawake wapigwe." Akamsikilizisha sauti yake mwenyewe. Maneno yalitoka ndani ya chombo peke yao, bila uso wa Bi Mwanahawa, bila jicho lake la uchokozi.

Yule mama akakisukuma chombo kando.

"Yakiwa peke yake hivyo," akasema hatimaye, "hayachekeshi."

"Niape kwamba ni utani?"

"Ni utani. Nilimtania mtani, sikumtania aliyepigwa. Lakini usiniapie kwa sababu ya mila tu. Niulize upya. Ukiona nababaisha, niache hapo chini nilipo."

Kalunde akamvisha bangili. Mdadisi akarudia kisa cha maharage.

"Ningemfungulia mlango, nikamuuliza anataka nini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliyepigwa ni yeye. Mimi na mtaa mzima tuna maoni. Mwenye uvimbe ni yeye peke yake."

Kalunde alitazama majumlisho yakipanda, na hakuwa na pa kujificha tena.

*

Jioni alimkuta mjomba wake uani akijinyooshea kanzu kwa pasi. Kwenye mkeka kulikuwa na kofia mpya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Njoo uone, dada zako wamenishonea kofia. Nimewaambia bado, lakini watu hawasikii."

Angeweza kumweleza kesho, mbele ya watu, na hapo angelazimika kutabasamu. Mtu wa amani angefanya hivyo. Kalunde akavuta kigoda akakaa.

"Mjomba, kiti hukupata. Amepata Bi Mwanahawa. Na nitakayeapa ni mimi."

Pasi ilibaki juu ya kanzu mpaka Kalunde akainyanyua mwenyewe.

"Yule mama anayegombana na mbuzi?"

"Huyo huyo."

"Mimi nimekosa nini, Kalunde? Niambie nilichokosa. Nimempiga nani katika maisha yangu?"

"Hujampiga mtu, mjomba, wala hutampiga. Lakini ulisema utamrudisha."

"Nikamwombee! Nisimame kati yao!"

"Utasimama kati yao mpaka saa ngapi? Utalala hapo?" Hakuwa amewahi kumjibu hivyo. "Sikudhani alikuja ofisini. Anataka kuondoa shauri ukikaa wewe. Anasema ukimwambia rudi, atarudi, kwa kuwa anakupenda. Jicho limemvimba hivi, mjomba. Na alikuwa anazungumza habari za mapenzi yake kwako."

Mzee Mihayo alikasirika. Watu wa mtaa wasingeamini, lakini alikasirika kweli, akaingia chumbani, na alipoitwa chakula akasema ameshiba. Kalunde alikula peke yake, akalia kidogo ndani ya mchuzi, na bado hakujuta.

*

Alipoapa mbele ya baraza, watu walinong'ona, kisha wakasema mpwa aliyeapa dhidi ya mjomba wake lazima anasema kweli. Bi Mwanahawa akakaa kiti cha tatu, akalalamika kwamba kina mguu mbovu. Mzee Mihayo alikuwepo, kakaa nyuma kabisa, bila kofia.

Shauri likaanza kama yalivyoanza yote. Mjumbe wa kwanza akamuuliza Sikudhani walikosana nini. Maganga akaanza kujibu badala yake, kwa ufasaha, juu ya maneno ya mkewe na dharau zake. Alikuwa kijana mzuri wa sura, mchangamfu, na baadhi ya watu walitikisa vichwa kukubaliana naye.

"Kaa chini," akasema Bi Mwanahawa. "Zamu yako inakuja. Sikudhani, wewe unataka nini?"

Ni wazi Sikudhani hakuwa amejiandaa kwa swali hilo.

"Nataka kulala kitandani kwangu," akasema, "na yeye asiwepo."

"Mimi nakubali," akasema Bi Mwanahawa. Mjumbe wa pili akakubali. Yule wa kwanza akashika kidevu.

Palibaki jambo moja. Kwa kanuni ya baraza, mtu hatolewi nyumbani kwake kwenda kulala barabarani. Lazima ajitokeze mkazi wa mtaa wa kukaa naye, awe anaonana naye kila siku na kujibu juu yake. Bi Mwanahawa akauliza nani atampokea Maganga. Wale waliokuwa wakitikisa vichwa wakatazama viatu vyao. Akauliza tena, kwa sauti ya treni. Asipopatikana mtu, Maganga atarudi alikotoka, na Sikudhani kwa dada yake. Mtandio wa Sikudhani ulikuwa umeanza kurudi usoni.

"Kwangu kuna chumba," akasema mtu kutoka nyuma.

Mzee Mihayo alikuwa amesimama. Hakumtazama mpwa wake. Alitembea mpaka mbele, akamshika Maganga mkono kama alivyowashika watu wengi katika maisha yake, lakini safari hii hakuelekea nyumbani kwa Sikudhani.

*

Siku hiyo jioni Kalunde alikuwa uani akichambua mchele. Dirisha la chumba cha wageni lilikuwa wazi, na sauti ya Maganga ilitoka bila kizuizi, imejaa uchungu wa mtu aliyeonewa.

"Mzee, wewe unamjua Sikudhani tangu mdogo. Unaujua mdomo wake. Siku ile nimechoka, nimeshinda juu ya mapaa, nafika nyumbani ananiambia..."

Kalunde aliijua sauti itakayofuata. Mjomba atasema pole, mwanangu. Atasema ndoa ina mambo. Maganga atalala usingizi mzuri. Mikono ya Kalunde ikasimama juu ya ungo.

"Kula kwanza," akasema Mzee Mihayo, kwa upole ule ule wa siku zote. "Halafu uanze upya. Hukuanzia mwanzo."

"Mwanzo ndio huo, Mzee. Alisema..."

"Hapana, mwanangu. Ulimpiga. Anzia hapo. Mimi sina haraka, na sitakukasirikia."

Kijiko kiligonga sahani, kikawekwa chini.

"Nilimpiga," akasema Maganga.

"Ehe," akasema Mzee Mihayo, na Kalunde akasikia kiti kikisogezwa karibu.